Gari Lililotaka Baridi

Mara ya tatu daktari wa mifugo analileta kwa kamba,
Pasati ya dizeli, bluu, milango imeliwa kwa chini
na chumvi ya barabara za Suwałki.
Nyuma kuna mabuti, glavu za kufika begani,
na harufu ya ndama aliyezaliwa usiku.
“Linazima tu,” anasema Halszka. “Halikohoi. Halichechemei.
Linazima kama mtu aliyesahau neno katikati ya sentensi.”

Baba amekwisha kubadilisha pampu,
chujio, betri, kihisi kimoja cha bei mbaya,
na kila mara aliapa kwamba mchawi amepatikana.
Vile vya zamani amevipanga dirishani.
Vimekaa kama mashahidi walioonewa.

Mimi namuuliza daktari maswali ya kidaktari:
huzima baada ya muda gani?
Na likishazima, wewe hufanyaje?

Anacheka kwa aibu.
“Nafungua milango yote minne, nasimama kwenye theluji,
navuta sigara moja. Upepo ukishalipoza ndani, linawaka.
Juzi, njia ya Sejny, ng'ombe ananingoja amekwama na uzazi,
nilivuta tatu.”

Basi ni gari linalotaka baridi.
Huku kwetu, mwezi wa pili, nani anataka baridi?
Nainama chini ya usukani, pale hita inapopuliza,
juu kidogo ya goti la dereva.
Nyuma ya plastiki rilei zimejipanga kama magego,
na ile nyeusi, mia moja na tisa,
ndiyo inayoipa kompyuta ya injini umeme wake.
Hiyo ikigoma, pampu ni nzima, tangi limejaa,
na hakuna wa kutoa amri.

Nazungusha ufunguo.
Tki.
Taa ya njano inawaka.
“Umesikia?”
“Nimesikia,” anasema Baba, haraka mno.

Napanda juu kuchukua kikaushia nywele cha Mama.
Dakika nne nampulizia mgonjwa wangu usoni,
harufu ya marashi na ya plastiki ya moto,
kisha nazungusha tena.
Kimya. Taa ya njano haipo.
Kilo elfu moja na mia nne za chuma
zimepigwa bubu na kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Baba anatikisa kichwa. “Hiyo, inalia vizuri.”

Hapo ndipo ninapoielewa ile pampu,
na chujio, na betri,
mwaka mzima wa kupiga ramli,
na redio ya gereji inayopanda sauti kila mwezi.
Simwambii kitu. Nachomoa rilei, nabandua ganda lake.
Chini ya kioo cha kukuzia, kwenye mguu mmoja,
risasi imepasuka duara kamili,
ufa mwembamba kuliko unywele,
pete iliyolegea kwenye kidole kilichokonda.
Ikipoa inashika. Ikipata joto inaachia.

Ncha ya moto, tone la risasi, uzi wa moshi.
Nairudisha mahali pake.
“Baba, ikamate hapa wakati nazungusha.”
Ananiangalia. Anajua kwamba najua.
Anaweka kidole cha shahada, kile kisicho na ukucha,
juu ya mgongo wa rilei, anafumba macho.

Tki.

“Imegonga,” anasema polepole.
Hakusema imelia.

Daktari anauliza bei.
Baba anavitazama vile vya dirishani, anahesabu kwa midomo.
“Nenda,” anasema. “Sisi ndio tunaodaiwa.”

Pasati inaondoka, hita imewashwa hadi mwisho,
vioo vimejaa mvuke.
Baba anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.
Nyuma yake, nazima redio.
Hageuki.