Bustani ya Kusimama

Bi Tausi alitupa masharti ufunguo ukiwa mkononi mwake:
kodi tarehe tano, maji ya bomba kwa zamu,
na uani asichimbe mtu, hata shimo la kitunguu.
Ya ukuta hakuyasema.
Nami sikumkumbusha.

Ukuta wenyewe ni wa tofali za kuchoma, unatazama mashariki,
pima mbili na shubiri kwa mikono yangu.
Hapa Katubuka hakuna jambo lisilo na mwulizaji:
Madumu yote hayo, Butoyi, unafungua sheli?

Yalikuwa ya mawese, kumi na manne.
Niliyasugua kwa majivu na mchanga hadi kucha zikabadilika,
bado yakabaki na wekundu pembeni
kama midomo ya watoto waliodokoa mboga.
Nikayapasua ubavu, nikayatoboa matako kwa msumari wa moto,
nikayafunga kwa waya, moja chini ya jingine,
nikilinywesha la juu, la chini nalo lipate jasho la mwenzake.

Mnanaa ulishika siku ya nne. Mrehani nao.
Mchaichai hauna adabu, ulijaza dumu zima
ukaanza kuchungulia kwa jirani.
Rozmari ilinuna mwezi mzima, kisha ikasamehe.
Kwenye giligilani nilifukia matumbo ya migebuka:
usiku ule paka wa mtaa mzima walifanya kikao,
asubuhi dumu linaning'inia kama jino la mtoto.

La katikati nililiacha tupu.

Bukuru, pacha wangu, yuko Mufindi anachuma chai
kwenye vilima vile vile alivyochuma mama miaka kumi na moja,
akilipwa kwa kilo, na jioni akinunua dukani
majani ya vumbi, kwa mkopo.
Alituma miche mitatu kwa basi,
mizizi ndani ya soksi iliyoloweshwa.
Mmoja ulifika umekufa.
Wa pili ulichukuliwa na joto la Oktoba.
Wa tatu niliupa udongo mwekundu wa mlimani
na juu yake makapi ya kahawa kutoka Kalinzi.
Chai ikala kahawa. Nilicheka peke yangu.

Mama siku hizi huniita Bukuru.
Siku nyingine huniita nyapara.
Kijiko anakisahau njiani, kati ya bakuli na mdomo.

Mwaka wa kwanza, majani sita.
Wa pili niliukata kichwa, Bukuru akinielekeza kwenye simu,
kisu kikitetemeka: Chini zaidi. Usiuonee huruma.
Wa tatu, mvua za Aprili zilipopungua,
nilitoka na ndoo nikamkuta mama amesimama ukutani,
mikono yote miwili kazini,
gumba na shahada, jani mbili na chipukizi,
jani mbili na chipukizi,
anatupa nyuma ya bega
kwenye kikapu ambacho hakipo.

Sikumwambia hakipo.
Nilichukua ungo, nikasimama nyuma yake.

Ilikuwa tarehe tano.
Bi Tausi aliingia uani na daftari lake la kodi,
akautazama ukuta wake juu hadi chini,
waya, madumu, majani yanayotona.
Nikameza mate.
Mama akageuka, mgongo ukanyooka:
Nyapara, kilo ngapi leo?

Bi Tausi, ambaye shilingi kumi hajawahi kuisahau,
aliinama juu ya ungo.
Majani kumi na tisa; niliyahesabu baadaye.
Akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu.
Thelathini na mbili, akasema,
akaandika.

Jioni tuliyachemsha.
Rangi ilikuwa ya maji ya kuoshea mchicha,
tukaongeza mnanaa.
Mama alikunywa yote, hakusema neno,
kisha akakigeuza kikombe
akatazama chini yake,
kama mtu anayetafuta jina la kampuni.