Kaa Kidogo

Saa tisa usiku, Tororo. Mvua imekatika.
Mwamba umesimama nyuma ya kiwanda
kama mgeni aliyesahau alichojia.
Tanuri la saruji linapika mawe ya chokaa,
na mawe, yakibanwa na moto, huachia pumzi
yaliyoishikilia tangu kilima hiki kilipokuwa kikitema moto chenyewe.

Baba alifanya kazi chini ya bomba lile miaka kumi na tisa.
Alirudi nyumbani na kope nyeupe.
Akikohoa alisema, "Vumbi tu hili."

Sisi tuko huku, ndani ya kontena mbili za bluu:
mimi, Emuria mwenye geji,
na Oketcho anayelala jicho moja.
Tunaidaka pumzi ile, tunaiosha, tunaikausha.
Hewa ukaa.
Nani alikupa jina hili? Makaa, chokaa, ukaa,
kila nikikutamka nasikia amri:
kaa.
Nawe hukai. Unapanda tangu enzi za babu wa babu,
huagi, hugeuki nyuma.

Umeme unatujia kutoka mtoni, saa hizi
Jinja ikiwa imelala na nyaya hazina mnunuzi.
Tunaupitisha majini, maji yanaachana:
oksijeni huku,
haidrojeni kule, nyepesi, haitulii,
inatafuta tundu la sindano itoroke.

Mahari ni nne kwa moja, haipungui.
Nikeli ndiyo mshenga:
haioi, haiolewi,
inakaa katikati kwenye nyuzi mia tatu na ishirini,
inawakutanisha, inabaki ilivyokuwa.
Upande wa pili inatoka methani.
Na maji. Nusu ya haidrojeni tuliyoihangaikia
inarudi kuwa maji,
tone, tone, kwenye ndoo ya rangi.
Emuria huoshea kikombe chake.

Jumamosi nikampelekea mama mtungi wa kwanza.
Nyafwono wa chapati, njia ya Malaba,
pale malori yanapopanga foleni hadi madereva wanaota ndevu.
Akafungua kidogo, akanusa.
"Hainuki."
Haina harufu, mama, ndivyo ilivyoumbwa.
"Kitu kinachoingia ndani bila hodi ni mwizi. Rudi nacho."
Nikarudi nacho. Tukakitia uvundo wa yai viza,
matone machache, ili mwizi apige hodi.

Jumatatu akawasha. Moto wa bluu, mfupi, hauna masizi.
Hakusifu. Alisogeza kikaango.
"Kwa hiyo moshi mliokamata kule,
mimi nauachia hapa?"
Ndiyo.
"Sasa mmefanya nini?"

Nilikuwa na karatasi mfukoni, hesabu za mwezi mzima:
umeme tuliokula, kumi; moto tuliovuna, tano na kitu.
Sikuitoa.
Nikasema mawe yalikwisha kuipuliza pumzi hiyo,
iwe isiwe ingepanda,
basi angalau imefanyishwa kazi kabla ya kuondoka,
na gunia la makaa la leo bado ni mti mahali fulani.
Akageuza chapati.
"Deni limesogezwa siku," akasema,
wala sikujua kama ananilaumu au anahesabu tu,
maana yeye madeni huyasogeza kila wiki
na watoto wanne tumesoma.

Dereva mmoja akaagiza roleksi, mayai mawili.
Akainua pua. "Mama, yai lako limeoza?"
Mama akaniangalia mimi.
Nikakaza mpira wa mtungi.

Usiku nimerudi kwenye geji.
Oketcho amefumba na lile jicho la pili.
Tanuri linapumua. Nafungua vali robo,
naiambia pumzi ya mawe,
ile iliyopita juu ya kofia ya baba
akiwa ameinama na koleo:
sikuombi ukae milele.
Kaa kidogo.
Kaa, chapati ziive.