Vijiko Viwili na Kidogo

Katika daftari la mama, baina ya deni la makaa
na namba ya fundi wa feni,
pameandikwa kwa penseli: kakao, vijiko viwili na kidogo.
Kijiko gani, hakusema.
Droo hii ina vijiko kumi na kimoja, hakuna pacha:
cha chai, cha supu, cha kuchotea samli,
na kile cha plastiki, cha dawa ya kifua,
mistari yake imefutika kwa kuoshwa.

Nimeanza na cha chai. Nimekifuta juu kwa mgongo wa kisu
kama mwashi asawazishavyo chokaa;
unga umebaki sawasawa, kimya, rangi ya ganda la ukwaju.
Lakini mama hakuwa na subira ya kisu.
Kijiko chake kilikuwa na kilima,
na kilima cha Jumatatu
si kilima cha mkesha wa Idi.

Kibokoni, mwezi wa nne, hewa yenyewe ni maji.
Kakao imeshikana mkebeni kama vijiwe.
Naiponda kwa vidole, naipitisha kwenye chujio la chai,
vumbi lanipanda puani, napiga chafya,
hesabu yote yapeperuka: vilikuwa viwili?
Kimoja na nusu?
Naanza upya.

Maji yachemke kwanza, hilo nalikumbuka.
Mimina polepole, koroga mpaka ing'are,
harufu ifunguke, itoke jikoni, ishuke ngazi,
jirani wa chini aulize kuna nini leo.
Sukari isije mapema. Maziwa baridi usithubutu.
Haya nayajua mkononi.
Nisichokijua ni hicho "na kidogo."

Nampigia mama mdogo Thureya, Mikindani.
Nyuma yake cherehani yalia.
"Kidogo ni kiasi gani, mama?"
Cherehani yanyamaza.
"We Shekue, huna haya?
Hicho hakikuwa cha keki.
Kilikuwa cha kidole chako.
Ukikilowesha mate, ukikichovya mkebeni,
ukikunja uso kwa uchungu, na kesho ukirudia.
Dadangu akaona hesabu yapungua,
akakuwekea fungu lako."
Kisha akaniuliza bei ya mayai huku mjini,
na salio langu likaisha.

Nimetia viwili, nikaacha hapo.
Makaa juu ya kifuniko cha sufuria, makaa chini.
Keki imevimba upande mmoja
kama shavu la mwenye jino bovu.

Mwanangu yuko chuoni, na hapendi vitu vichungu.
Mkebe u wazi mezani.
Nina miaka arobaini na mitatu.
Nimetazama mlangoni kwanza.
Nimelowesha kidole.