Somo la Ijumaa, Yakutsk

Mwalimu Sargilana hakugusa ubao siku ile.
Aliweka mezani bonge la chumvi, ile ya samaki.
«Sodiamu katoa, klorini kapokea.
Hapa hapana mapenzi. Kilichowashikanisha ni deni.»
Akaligonga kwa nyundo ndogo, likapasuka sawia, kama kwa kisu.
«Sogeza safu hatua moja tu,
wa aina moja wakitazamana hufukuzana.»

Akakunja waya wa shaba. Akaukunja tena.
«Huku elektroni ni mali ya mtaa mzima,
hazina mwenyewe. Basi shaba hupinda, haivunjiki.»

«Na almasi?» akadakia Aisen,
ambaye mamake yuko machimboni tangu Septemba.

«Kila kaboni kawashika wenzake wanne,
jozi kwa jozi, chako changu.
Hakuna anayedai, hakuna wa kuponyoka.»
Akainua penseli iliyotafunwa ncha:
«Kaboni hiyohiyo. Huyu kashika watatu tu,
na tabaka zake huteleza.
Ndiyo maana mnaandika.»

Mwisho akabandua barafu dirishani,
akaifumbata. Vidole vikawa vyekundu.
«Maji na maji hayafungani hasa.
Haidrojeni ya huyu humwegemea oksijeni wa yule,
basi.»
Matone yakadondokea daftari langu,
wino ukatapakaa.

Nikageukia kioo.
Nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri,
na lori la baba, tani ishirini za makaa,
lilikuwa katikati ya mto Lena,
juu ya kuegemeana huko.