Kipande chenye Ngozi

Saa nne usiku, daraja la Matlacha, Florida.
Taa zimemwaga manjano juu ya maji
na kivuli cha daraja kimekatwa kama kwa wembe.
Hapo hapo, mpakani mwa giza na nuru, ndipo anapokaa,
kichwa kakielekeza kwenye mkondo,
akingoja kamba wadogo wasombwe na maji wamfikie.
Ta! Mlio wa kizibo kikichomoka chupani.
Mama, kwenye kiti chake cha kukunja, akageuza sikio:
"Huyo. Usimtupie kichwani.
Tupa juu ya mkondo, maji yenyewe yampelekee."

Mama haoni tangu mwaka juzi.
Kisukari kilianza na vidole vya mguu, kikapanda machoni.
Kunisahihisha hakujaacha.

Nestor Quiñones, jirani yetu, humwita robalo.
Sisi twamwita snuki.
Marehemu baba alimwita "bwana yule",
kama mtu anayemdai.

Nikatupa.
Mshipi ukatulia, kisha haukuwa wangu tena.
Alikimbilia nguzo, penye chaza wakali,
nikamzuia kwa dole gumba hadi likachubuka;
akaruka, akatikisa kichwa,
akaanguka kama mlango uliobamizwa kwa hasira.
Nestor akateremsha wavu.

"Mlete," mama akasema, akalowesha mikono ndooni kwanza.
Taya la chini limetangulia la juu,
mtoto aliyenuna.
Paji limebonyea.
Dole mdomoni: msasa, si meno.
Kifuniko cha shavu akakiepuka,
chini yake kuna makali; kovu lake analo, la mwaka wa harusi.
"Mstari upo?"
Upo, mama. Mweusi, wa kalamu ya seremala,
umetoka shavuni, umepita ubavu wote,
haukukoma hata mkiani.
"Basi ndiye. Mpime."

Inchi thelathini na nne.
Sheria inakoma thelathini na tatu.
Nestor akakohoa. Barabara tupu.
Inchi moja ni nini? Pingili ya kidole.
"Mrudishe," mama akasema. "Huyo ni jike.
Alianza dume, kisha akakua, akageuka.
Kaishi maisha mawili huyo,
na wewe hata hilo moja linakushinda."
Nestor alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja.
Tukamshusha kwa wavu, taratibu, kama mgonjwa.
Akakaa kidogo, akafikiri,
akatupiga maji ya uso, akaenda.

Wa pili alikuja saa saba kasoro.
Ishirini na tisa. Hakuna aliyekohoa.

Jikoni kisu kinajua njia:
kutoka mkiani, kikilala bapa,
kati ya nyama na ngozi.
Ngozi hutupwa. Kila mtu hapa anajua.
Zamani walimwita samaki sabuni,
wakamuuza kwa bei ya chambo,
kwa kuwa hakuna aliyewaambia wamvue koti.

Mama naye hakuambiwa.
Bi harusi wa miaka kumi na tisa, katoka bara, Georgia,
akamkaanga na ngozi yake, magamba tu kaparua,
akamwekea mumewe.
Baba akala. Akamaliza.
Akafuta sahani kwa mkate, akanywa maji bilauri tatu,
akatoka nje kuutazama mwezi, usiku usio na mwezi.
Hakusema neno kwa miaka sita,
hadi shangazi Verdie alipocheka mezani,
na mama akaelewa alichokula mumewe
kila Ijumaa, miaka sita.

Nachovya minofu kwenye unga wa mahindi.
Mafuta yanaanza kunong'ona.
"Kipande kimoja," anasema mama, "kiache na ngozi."
Mama, ni sabuni.
"Nimekwambia kiache."

Nyama yetu nyeupe, inaachana yenyewe kwa uma,
tamu, na ndimu, na uji mzito wenye siagi.
Nestor anaomba tena.
Mama anatafuta kile chake kwa vidole,
anakikunja, anakitia mdomoni chote.

Anatafuna. Uso unajikunja.
"Mungu wangu," anasema, "ni kibaya kweli,"
na anaendelea kutafuna,
polepole,
akinyoosha mkono kutafuta maji.