Saa Saba Mara Mbili

Dada Mwanahawa hakutaka programu.
"Ukinipa mlango wa kubisha," alisema, "sitabisha.
Mikono yangu ina glavu, ina sabuni,
ina mgongo wa mzee wa watu.
Nipe kitu cha kutupia jicho tu."

Basi nikaketi Hendon, chumba cha nyuma,
hita ikikohoa, upepo wa Sunderland
ukisukuma dirisha kama mdai,
nikamchongea kidude: mraba mmoja
wa kukaa skrini ya mwanzo,
kati ya picha ya mwanawe na tochi.

Watu hudhani wijeti iko macho.
Imelala fofofo,
na mimi ndiye niliyeiwekea karatasi chini ya mto:
ikifika hivi sema hili, ikifika vile sema lile.
Mfumo huja na kurunzi yake, husoma, huondoka.
Ruhusa ya kuiamsha ni mara chache kwa siku,
ukizidisha unanyimwa, eti betri,
na betri ina wenyewe.
Kwa hiyo naandika kesho leo
na kuomba kesho isigeuze nia.

Pembe nilizikata mviringo.
Rangi nilibadili mara nne. Kijani, akasema ni ya benki.
Nyekundu: "Unanitisha."
Tukaafikiana samawati ya sare yake
iliyofuliwa mara mia.

Ikabaki saa.
Kwani dada yangu, miaka tisa Uingereza,
hajaingia kazini saa saba asubuhi hata siku moja.
Huingia saa moja. Jua lionekane lisionekane,
lina saa yake ya kwanza, na hiyo haijadiliwi.
Nikaandika: toa sita;
ikiisha au ikiingia deni, ongeza kumi na mbili.
Na chini yake, kwa tarakimu ndogo,
masaa tangu avae glavu.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba alikuwa zamu ya usiku.
Nilikesha nikiijaribu kazi yangu.
Saa nane ikabisha hodi, ikarudishwa mlangoni.
Nchi nzima ikarejea saa saba
usingizini, bila kuona haya.
Nikaona saa saba, kisha saa saba tena,
nikadhani kosa ni langu.
Nilipekua mstari kwa mstari, nikitafuta mdudu.
Mdudu alikuwa serikalini.

Kule kwenye nyumba ya wazee
Mzee Cuthbert aliomba maji saa saba,
akaomba tena saa saba.
Bibi Noreen akageuzwa ubavu saa saba,
akageuzwa saa saba.
Kengele za vitandani hazikurudi nyuma.

Wala zile tarakimu ndogo.
Sikuzifunga kwenye saa ya ukutani;
nilizifunga kwenye sekunde, na sekunde
haina kinyumenyume.
Asubuhi, kituo cha basi, vidole ganzi,
dada akaitazama: kumi na tatu.
Akaipiga picha. Hata hakuniambia.

Mshahara ulikuja na kumi na mbili.
Meneja akafungua mikono: "Mfumo ndio umehesabu."
Dada akatoa simu yenye ufa kiooni.
"Huu nao ni mfumo," akasema. "Mdogo wangu kauandika."

Mali bila daftari hupotea bila habari;
kumbe daftari laweza kuwa mraba
wa upana wa vidole viwili.

Alilipwa mwezi wa pili yake, pauni kumi na kitu.
Agnieszka akaja kuomba kidude, kisha Temperance,
kisha kijana wa jikoni ambaye jina silijui.
Zao bado barua zinaandikwa.

Sasa natengeneza ya Machi.
Machi saa saba itarukwa yote, haitakuwepo,
na zamu ya usiku itapungua.
Nilimuuliza dada, kwa sauti ya chini,
kama nimfiche.
Alikuwa anavua viatu, kimoja bado mguuni.
"Iandike kumi na moja," akasema.