Nimefua Shati Hili

Miaka ishirini na sita nafua shati hili la njano
kwa kipande cha sabuni, kwa maji ya bomba la jirani,
na kola haijakubali kutakata hata siku moja.
Vumbi la Nyawera lina mizizi.

Asubuhi picha iliingia kwenye simu:
Nsimire, mwanangu wa tatu, aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe,
amesimama mbele ya bendera ya Kanada,
kofia imekaa sawa,
viatu vinang'aa kama sambaza aliyetoka majini.
"Mama, nimeapishwa."

Kabla sombe haijachemka
mtaa wetu wote wa Kadutu ulikuwa umeshajua.
Mama Balagizi alishuka ngazi za udongo kwa vigelegele.
Mwalimu Cishugi akaleta kasiksi kwenye kidumu.
Kila mmoja akataka simu ifike mkononi mwake
aipanue picha kwa vidole viwili,
ahesabu vifungo.

"Kule polisi ni mtu," walisema.
"Kule ukipotea, yeye ndiye unayemkimbilia."
Wamejuaje?
Hakuna kati yao aliyevuka Ruzizi akapita Kamembe.

Mume wangu alikuwa pale pale, kwenye benchi,
anakaza uzi wa filimbi yake.
Hakuna aliyempa mkono.

Hawa ndio wanaomwita Mia Tano.
Mia Tano kapita? Mia Tano keshakula leo?
Kitinda mimba wetu amepigana shuleni mara nne kwa jina hilo.
Na mimi siwezi kuapa kwamba ni uongo.
Nimezipokea noti zile, laini,
zina jasho la madereva wa pikipiki;
nimezinunulia unga, nimezinunulia dawa ya minyoo,
na moja ilinunua daftari
ambamo Nsimire aliandika insha yake ya kwanza.
Mshahara ulipokuja, ulikuja kama shemeji:
bila taarifa, na bila kukaa.

Basi niambieni, majirani:
kazi ni ile ile, damu ni ile ile,
ni ndege ndiyo iliyoitakasa?

Usiku akapiga.
Sauti ilikuwa ya mtu aliyevua viatu sasa hivi.
Akasema kwenye jengo lake yuko mama mmoja wa Uvira,
walikuwa wakiazimana chumvi, wakicheka Kiswahili chao;
tangu aione sare
anashuka kwa ngazi, orofa saba,
wasije wakakutana kwenye lifti.
Akasema juzi kijana mmoja, mweusi kama sisi,
aliinua mikono juu
kabla yeye hajafungua mdomo.
"Nilitaka tu kumwambia
kamba ya kiatu chake imefunguka."

Tukanyamaza wote watatu,
na ukimya ukawa unakula vocha.

Baba yake akaichukua simu.
Nilidhani atasema neno la heshima, au la Mungu.
Akauliza,
"Mvua ikinyesha, wanakupa koti?"
"Wananipa, baba. Mawili."
"Na mshahara unaingia lini?"
"Alhamisi moja ndiyo, moja hapana."
Akarudia polepole, kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine:
Alhamisi moja ndiyo. Moja hapana.
"Basi wewe huna kisingizio," akasema.
"Yule kijana, mtafute.
Mwambie ile habari ya kiatu."

Amelala sasa, mkono mmoja nje ya shuka
kana kwamba bado anazuia lori.
Kesho saa kumi na mbili atakuwa njia panda,
na Mama Balagizi atapita na beseni lake la makayabo.
Labda atamsalimu kwa jina alilopewa na mama yake.
Labda.

Shati liko kwenye kamba, linadondoka.
Leo kola nimeisugua mara mbili.